Mashine Ilisema Hai

Kuna neno moja linanipandisha hasira, nalo ni "imethibitishwa". Siku hizi kila chupa imethibitishwa, kila majani yamethibitishwa, hata sabuni ya kuogea imethibitishwa, na ukiuliza nani kathibitisha, muuzaji anakukodolea macho kana kwamba umemtukania mzazi. Nafundisha baiolojia na kemia katika sekondari ya kata, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Wanafunzi wangu wanajua kwamba mtu akilitamka neno hilo darasani bila kusema ni nani aliyethibitisha, kwa njia gani, na akilinganisha na nini, atasimama mpaka kengele ilie. Wamenipa jina la utani kwa ajili hiyo. Sitalitaja.

Neno hilo liliingia nyumbani kwetu mchana kweupe, likapewa kiti likakaa. Lililetwa na mdogo wangu wa kiume.

Sipendi kumsikia mtu akimwita tapeli. Tapeli anajua anachokifanya. Mdogo wangu alisoma stashahada ya maendeleo ya jamii, akamaliza, akakaa. Aliomba kazi kwa mashirika ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akaambiwa subiri. Akaendesha bodaboda, akachoma matofali, akalima maharage mwaka ambao mvua ilikata mapema. Kisha rafiki yake akampeleka kwenye semina ya wiki moja mjini Kigoma, na aliporudi kwetu Kibondo alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na koti jeupe, kompyuta mpakato, na kipande cha chuma chenye waya. Mgonjwa anakishika kile chuma, kompyuta inahangaika kidogo, halafu inatoa karatasi ndefu ya hali ya mwili mzima: moyo, figo, ini, mishipa, nguvu za kiume, sumu. Karatasi ikishatoka, kila ugonjwa una chupa yake ya matone. Dawa lishe, ndivyo wanavyoziita. Alipanga chumba nyuma ya soko, na haikuchukua muda watu wakaanza kumwita daktari.

Ungemsikia mama yetu alivyolitamka neno hilo! "Daktari wangu." Alikuwa mjane, katulea sisi wawili kwa jembe kwenye kilima kisicho mbali na mji wa Kibondo, na mimi mwenye shahada nilikuwa "mwalimu" tu. Nilimwambia, mama, huyo si daktari. Akanijibu, "Mwache, mwanangu. Amekaa sana bila kuitwa kitu." Hilo nalo lilikuwa kweli.

Mama alikuwa na kisukari. Alikwenda kliniki, akapewa vidonge, akavimeza asubuhi na jioni miaka yote hiyo bila kuruka. Aliacha hata soda, na soda alikuwa anaipenda kuliko nyama. Nilipokwenda nyumbani likizo ya Desemba nikamkuta na kidonda mguuni, mahali alipojikata na jembe, na mfuko wa vidonge umetundikwa ukutani, umejaa vilevile kama ulivyotoka hospitali.

"Mama, vidonge vipi hivi?"

"Nimevipumzisha kidogo."

Loo! Nilipaza sauti mpaka mama wa jirani akaja mbio kuuliza kama kuna msiba. Mdogo wangu alikuwepo, na wala hakuficha. Alinieleza kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mgeni njia, kwamba vidonge vya hospitali vinachosha figo, kwamba matone yanasafisha kongosho, na kwamba ukivichanganya vinagombana. Imethibitishwa, akasema. Nikamwambia lete hiyo mashine yako hapa, leo hii, tuone.

Akaileta kesho yake. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakata kipande cha mgomba, kiasi cha urefu wa mkono, nikakifungia kile chuma kwa kitambaa chenye maji. Mdogo wangu alisita, lakini mama alishaanza kucheka, basi akaandika kwenye kompyuta: mwanamke, na umri wa mama. Mashine ikahangaika. Karatasi ikatoka. Mmeng'enyo wa chakula dhaifu, figo zimechoka, mfuko wa uzazi una dalili za uvimbe.

"Yoo!" mama akapiga makofi. "Kumbe mgomba wangu una mfuko wa uzazi! Ndiyo maana unazaa hivi!"

Alicheka mpaka machozi. Mdogo wangu hakucheka. Akasema, "Dada, mgomba una maji na chumvi kama mwili wa mtu. Nao una uhai. Mashine imesoma uhai."

"Na ingetoa karatasi tupu?"

"Ningesema imetambua kwamba huyu si mtu."

"Basi niambie jibu moja tu, moja, ambalo lingekufanya useme mashine hii ni mbovu."

Alilitafuta kweli, nilimwona. Hakulipata. Lakini kushindwa hoja na kubadili mawazo ni vitu viwili, na akanirudi kwa jambo lingine. "Watu wanapona, dada. Hilo huwezi kulipinga. Sisi tunafuatilia. Hospitali nani anakupigia simu kukuuliza hali?" Hapo alinigusa, maana hakuna anayekupigia. Akatoa simu, akaweka sauti ya nje, akampigia mteja wake mmoja wa upande wa Kakonko, bibi wa makamo aliyekuwa akitumia matone kwa ajili ya miguu kuvimba.

"Shikamoo mama. Hujambo?"

"Marahaba, daktari. Sijambo."

"Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri, baba, namshukuru Mungu."

Mdogo wangu akanitazama. Umesikia? Nikamnyang'anya simu. Nikamwamkia yule mama, nikamwambia mimi ni dada yake daktari, kisha nikamuuliza kama leo amekwenda shambani.

"Shamba? Nitakwenda na miguu ya nani?"

"Maji je, umechota?"

"Anachota mjukuu. Mimi tangu juzi hata chooni nashikiliwa."

"Sasa mama, mbona umemwambia daktari unaendelea vizuri?"

Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu mzima anayemwonea haya mtoto asiyefunzwa adabu. "Mwanangu, si amenisalimia? Nimjibu nini?"

Msomaji asiye wa huku anaweza kudhani yule mama alikuwa mwongo. Hapana. Kwetu salamu ina mikono miwili na makofi na kuinama, na jibu lake ni moja. Mtu ana maiti ndani, ukimsalimia atakwambia hajambo kwanza, habari njema kwanza, ndipo baadaye, mkishakaa, utasikia lililomfika. Atakayejibu salamu kwa "ninakufa" ataonekana hana malezi. Mdogo wangu kwa miezi yote ile alikuwa amezoa salamu za wilaya nzima na kuziita uponyaji. Na kule semina hakuna aliyemwambia, maana waliomfundisha nao walikuwa wamezoa salamu za kwao.

Alikaa kwenye kigoda, simu mkononi. Nitamsifu kwa hili mpaka nife: alielewa. Wapo maprofesa wasioelewa. Aliinua uso akauliza, "Kwa hiyo niwaulize nini?"

"Usiulize. Pima. Na upime kwa kitu ambacho kinaweza kukukatalia."

Hapo ndipo mama alipoingia kati. Mimi nilitaka arudie vidonge siku hiyo hiyo na kidonda kikaonwe hospitali. Alikataa. Aliinama sikioni kwangu, mdogo wangu akiwa ametoka nje kujibu simu, akasema, "Nikirudia vidonge leo, watu watasema daktari kashindwa kumtibu hata mama yake mzazi. Chumba chake kitafungwa, mwanangu. Ataanza upya na bodaboda." Nikamwambia, na mguu wako je? Akasema mguu ni wake.

Tulibishana kutwa nzima. Mwisho tukafikia makubaliano, na sikuyapenda, lakini ndiyo niliyopata. Mdogo wangu angenunua kile kipimo kidogo cha sukari cha duka la dawa, cha tone la damu, kile kile wanachotumia hospitalini. Angempima mama kila asubuhi kabla hajala, kwa wiki mbili, mama akitumia matone peke yake. Namba zikishuka, mimi nafunga mdomo na sitaligusa tena jambo hilo. Zikipanda, mama anarudia vidonge, anakwenda hospitali, na mdogo wangu haleti neno. Mama akapiga paja lake kwa kiganja.

"Mashine iseme," alisema. "Itakachosema nitakifuata. Lakini nanyi wote wawili mkifuate."

Nilimfundisha mdogo wangu mwenyewe: osha mikono ya mama, choma pembeni ya ncha ya kidole, si katikati, gusisha tone, subiri namba. Ikiwa chini ya saba, vizuri. Ikienda juu ya kumi, vibaya, na kadiri inavyokwenda ndivyo vibaya zaidi. Ya kwanza tuliipima pamoja, ikasoma kumi na sita. Mdogo wangu akasema, tuipe muda. Shule ilikuwa inafunguliwa, nikapanda gari nikarudi Kasulu.

Kila asubuhi alinitumia ujumbe. Kumi na saba. Kumi na saba tena. Ishirini. Ishirini na tatu. Mnawajua wangapi, wauza chupa wanaotuma namba za kuwaumbua wenyewe? Yeye alituma. Ilipofika ishirini na saba nikampigia nikamwambia inatosha, mpeleke. Akasema hata yeye anaona inatosha, ila mama hataki, wiki mbili hazijaisha. Nikaongea na mama. "Ahadi ni deni," akaniambia. "Tulisema wiki mbili, si wiki moja na kitu." Nikamuuliza kidonda. Kinakauka, akasema. Nilijua hakikauki. Nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule niondoke Ijumaa baada ya vipindi, nikambebe kama mtoto ikibidi.

Alhamisi, tukiwa kwenye chai chumba cha walimu, simu ikaita. Mdogo wangu alikuwa anapiga kelele za furaha mpaka mwenzangu wa meza ya pili akageuka.

"Dada, zimekwisha!"

"Nini zimekwisha?"

"Namba! Nimepima mara mbili, hakuna namba. Sukari haipo kabisa. Mashine imeandika Hai."

"Imeandika nini?"

"Hai, dada! H na I. Mama ni hai!"

Naomba msomaji asicheke. Mtoto wetu akianza Kiingereza, salamu ya kwanza anayofundishwa ndiyo hiyo, herufi mbili, na anaambiwa zinatamkwa hai. Na hai kwa Kiswahili ni mzima, ambaye hajafa. Sasa mtu aone namba zinapanda, zinapanda, kisha asubuhi moja namba zote zimetoweka na mahali pake pameandikwa neno hilo. Wewe ungesomaje? Mama hakujua Kiingereza. Mdogo wangu alikijua kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichomponza.

Mimi pia sikuwahi kuliona neno lile kwenye kipimo. Lakini nilijua mambo mawili. Namba iliyopanda wiki nzima haipotei kwa usiku mmoja, na mashine haimpongezi mtu. Nikamwambia usifanye lolote, nakupigia sasa hivi. Nikampigia muuguzi mmoja niliyesoma naye, yuko upande wa Kabanga. Hakuningoja nimalize.

"Hicho ni kifupisho cha "high", neno la Kiingereza lenye maana ya juu. Linatamkwa hivyo hivyo, hai. Maana yake sukari imepita mwisho wa mashine, haiwezi tena kuisoma. Mkimbizeni. Sasa, si baadaye."

Nikampigia mdogo wangu. Hapatikani. Nikarudia, hapatikani. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa ameishiwa chaji sokoni, akitangazia watu. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Usinijibu salamu. Unajisikiaje?"

"Marahaba. Sijambo." Ulimi wake ulikuwa mzito. "Daktari wangu ameniletea soda. Ya baridi. Mbili. Nipo na jirani hapa tunakunywa."

Sukari imekwisha, si ndiyo? Basi mama anaweza kunywa soda. Mtoto gani asingekimbia dukani? Miaka yote ile alimwona mama yake akiitamani na kuiacha. Hata sasa nikiwa na hasira naye, nikifika hapo kwenye soda hasira inanishinda, inageuka kitu kingine.

"Mama, iweke chini hiyo chupa. Nisikilize. Mashine haikusema umepona. Lile neno ni la Kiingereza, maana yake sukari iko juu mno. Waambie wakupeleke hospitali sasa hivi."

Alinijibu polepole, akivuta maneno.

"Mwanangu. Siku ile mashine ya mdogo wako iliposema mgomba unaumwa, naye akaanza kuyageuza maneno, wewe ulimkatalia. Leo mashine uliyoitaka wewe imesema mimi ni hai, na wewe ndiye unayegeuza. Sasa nimwamini nani?"

Naapa, sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile, wala chuo kikuu, wala kwenye usaili. Jibu lipo. Nalijua. Kwamba maana ya alama ile iliandikwa na watengenezaji kabla hajapimwa mgonjwa yeyote, siigeuzi mimi. Kwamba yeyote atakayeulizwa, Kabanga, Kibondo au Ulaya, atakwambia neno lile lile. Kwamba alama ile unaweza kuijaribu kwa njia nyingine ikakukubalia au ikakukatalia, na maelezo ya mdogo wangu juu ya mgomba hayana jaribio. Ni jibu zuri. Nalifundisha kidato cha pili. Lakini lina urefu wa kipindi kizima, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa mwanamke mgonjwa ambaye damu yake imegeuka sharubati, anayesikia tu kwamba watoto wake wawili wanafanana.

Nilipiga kelele. Nilimwambia mama, nakuomba, nakupigia magoti. Nililia mbele ya walimu wenzangu wote. "Usilie," alisema. "Tuliahidi kuifuata. Mimi naifuata."

Nikatoka kama nilivyo, chaki mikononi. Mfanyabiashara mmoja wa duka la jumla pale Kasulu, mzee wa Kiislamu ambaye watu wake wametoka pwani, alikuwa anapakia mafuta ya kula kwenye fuso lake kupeleka Kibondo. Nilimweleza kwa maneno matatu. Akawaambia vijana waache kupakia. Njia nzima hakuniuliza kitu, aliendesha tu, na kila tukipanda mlima alisema, "Inshallah tutamkuta."

Tulimkuta. Alikuwa uani kwenye mkeka, ubavu mmoja, macho nusu, anapumua haraka haraka, midomo imekauka mpaka imepasuka. Yule mama wa jirani alikuwa anampepea kwa upande wa khanga. Na yeye mwenyewe mguu wake mmoja ulikuwa umevimba, ameunyoosha mbele. "Amechoka kwa furaha," aliniambia. "Amecheka sana leo." Nikamfunua mama mguu. Sitaeleza harufu.

Mdogo wangu akaingia wakati huo huo, anatabasamu, kabla hajaona. Nikamwambia lile neno maana yake nini. Sikupaza sauti, nilikuwa sina sauti tena. Hakubisha hata kidogo. Alivua koti jeupe, akalikunja, akapanda nalo kwenye fuso tulikompakia mama, akamwekea chini ya kichwa, na yeye akakaa kwenye bati la gari akiushika ule mguu usitikiswe.

Hospitalini walifanya yote. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo na najua cha kutazama. Walimtundikia maji, wakamchoma insulini, wakasafisha kidonda, daktari kijana akakaa naye muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alinivuta pembeni akaniambia mwili umekauka mno, figo zimeanza kugoma, na kama angeletwa mapema wiki ile ingekuwa habari nyingine. Kesho yake kabla ya adhuhuri mama alikata roho, maji ya dripu bado yanadondoka. Nilimwambia muuguzi ayafunge. Sikuweza kuyatazama yakiendelea kuingia.

Watu huniambia nisijilaumu. Wala sijilaumu. Nina hasira, na hasira yangu haina mahali pa kukaa. Nikitaka kuiweka kwa mdogo wangu namwona na zile soda mbili. Nikitaka kuiweka kwa mama nakumbuka kwamba yeye peke yake ndiye aliyetii makubaliano mpaka mwisho, hakusogea hata hatua moja. Kwenye msiba mzee mmoja alisema kwa sauti, eti sikio la kufa halisikii dawa. Nilisimama nikamwambia sikio la mama yangu lilisikia dawa zote, hilo ndilo lililomuua. Wakanishika mkono, wakaniketisha, wakanipa maji.

Lakini maneno niliyoyasikia jikoni yalikuwa mabaya zaidi ya methali. Wanawake walikuwa wanapepeta mchele, wanaongea taratibu, bila chuki yoyote. Alikuwa mzima. Alikuwa anakunywa soda anacheka, sote tulimwona. Alikuwa hai, mashine yenyewe ilisema. Wakamchukua hospitali, wakamtundikia yale maji, kesho yake wakamrudisha ndani ya sanduku. Kila neno walilosema lilikuwa kweli. Mambo yalikwenda kwa mpangilio huo huo, moja baada ya jingine, na wao walikuwa wanafanya kile kile tunachofanya sote, kulishika la mwisho na kusema ndilo lililosababisha.

Siku ya kuanua matanga mdogo wangu aliomba kusema neno. Alikuwa hajala vizuri tangu mazishi, shingo imemwisha. Alisimama uani mbele ya watu wote akasema kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani, asije akaeleweka vibaya: mimi si daktari. Nilimwachisha mama dawa. Nilisoma mashine vibaya, nikampa soda, nami ndiye niliyemuua. Yale matone hayatibu kitu, na yule ambaye bado anayo nyumbani akayamwage. Alisema hivyo hivyo. Sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mdogo wangu wakati ule. Nilidhani kwamba sasa itatosha, kwamba mtu akisimama akajishuhudia mwenyewe kwa hasara yake, watu watasikia.

Wanawake walilia. Wanaume walitikisa vichwa. Nilisikia mmoja akisema nyuma yangu, "Ona uchungu wa mama unavyomtesa, maskini, mpaka anajisingizia." Na mwingine, "Huyo ndiye daktari wa kweli. Wa hospitali umewahi kumsikia akijilaumu?"

Watu walipokuwa wanatawanyika, yule mama wa jirani alibaki. Alijikokota mpaka tulipokuwa tumekaa mimi na mdogo wangu, akajishusha chini kwa taabu, akaunyoosha ule mguu uliovimba, akapandisha khanga kidogo tuone. Ngozi ilikuwa inang'aa, na juu ya kifundo kulikuwa na kidonda kipya, mdomo wake mweupe.

"Daktari," alisema, "najua uko kwenye msiba. Lakini kile kichupa ulichonipa kimeisha."

Mdogo wangu aliutazama ule mguu. "Oya, mama," alisema kwa Kiha, yaani hapana. "Nenda hospitali. Nakuomba. Nenda leo, dada atakupeleka."

Yule mama alimtazama kwa huruma kubwa, akamwekea kiganja shavuni kama mtu anavyomtuliza mtoto aliyeota vibaya.

"Mwanangu," akasema, "mama yako si alikwenda?"